Maoni ya umma kuhusu kanuni za bima ya afya: mtetezi wa wagonjwa huingia wapi?

Maoni ya umma ni hatua ya kisheria ambapo mwenye mamlaka ya kutunga kanuni hulazimika kuitoa rasimu hadharani na kuwasikiliza watakaoguswa nayo kabla haijaanza kutumika. Nchini Kenya hatua hii imejengwa juu ya ibara ya 10 ya Katiba ya 2010, inayoutaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, pamoja na sheria ya mwaka 2013 inayosimamia utungaji wa kanuni.

Mtetezi wa wagonjwa si lazima awe wakili wala daktari. Mara nyingi ni mtu aliyewahi kuugua, au aliyemuuguza jamaa yake kwa miaka, ambaye sasa anawasemea wengine. Anahitajika kwa sababu tangazo la kuomba maoni huchapishwa kwa lugha ya kisheria, aghalabu Kiingereza, na aliyelazwa wodini hanunui gazeti.

Kazi yake ngumu zaidi ni kuyageuza mateso kuwa marekebisho ya kifungu. Tuchukue kifurushi cha saratani kilichoanza Oktoba 2024 chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, inayosimamia bima mpya ya afya ya umma: kikomo cha malipo kilikuwa shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka, kisha shilingi 150,000 zaidi kutoka hazina ya dharura na magonjwa sugu. Msomaji wa kawaida huliangalia lile fungu la pesa. Mtetezi huliangalia neno "kaya", kwa maana mama mwenye saratani ya titi na baba mwenye saratani ya tezi dume watagawana kikomo kimoja. Huangalia pia neno "mwaka", kwani aina fulani ya saratani ya titi hutibiwa kwa sindano ya trastuzumab kila baada ya wiki tatu kwa mwaka mzima, yaani dozi 17 au 18, bila kuhesabu upasuaji na mionzi. Waraka unaosema "tunaumia, tusaidieni" ni wa kweli, lakini hauna mahali pa kubandikwa ndani ya kanuni. Unaotaja namba ya kifungu, ukapendekeza "kwa mgonjwa" badala ya "kwa kaya", kisha ukaonyesha hesabu ya dozi, humlazimu mwandishi wa rasimu aujibu.

Kusikilizwa, hata hivyo, si kukubaliwa. Sheria haimlazimishi waziri kufuata kila pendekezo. Inamtaka awashirikishe watu kwa dhati, na kanuni zinapofikishwa Bungeni ziandamane na maelezo ya jinsi mashauriano yalivyofanyika. Upungufu katika jambo hilo si mdogo: tarehe 12 Julai 2024 Mahakama Kuu ilizitangaza sheria tatu za afya, ikiwemo ile iliyoanzisha bima hiyo mpya, kuwa kinyume cha Katiba, na mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Rufaa ilisitisha utekelezaji wa uamuzi huo Septemba, na SHA ikaanza kazi mwezi uliofuata.

Ndiyo maana mtetezi mzoefu huenda na nakala mbili za waraka wake: moja huiacha ofisini, na ya pili huondoka nayo ikiwa imepigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.