Je, wajua protini hutokaje kwenye seli bila utando kuvuja?

Wengi hudhani protini hutengenezwa ikakamilika, ikajikunja, ndipo ikatafuta tundu la kutokea. Kwa protini nyingi za kupelekwa nje, zikiwemo kingamwili, mambo hayaendi hivyo. Ikishajikunja, haipiti. Hupenyezwa ikiwa bado uzi wa asidi amino, yaani vijenzi vya protini, huku ribosomu, mashine ya seli inayounda protini, ikiendelea kuurefusha uzi huohuo. Tena haiendi nje moja kwa moja: kwanza huingia kwenye retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa vifuko na mirija ndani ya seli, na kinachoielekeza huko ni kipande cha mwanzo cha uzi wenyewe. Ugunduzi huo ulimpa Günter Blobel Tuzo ya Nobel mwaka 1999.

Hata “tundu” si tundu hasa. Linaitwa Sec61, limo kwenye utando wa retikulamu hiyo, nalo lina sehemu tatu: alfa, beta na gama. Njia yenyewe ni alfa, inayoukatiza utando mara 10. Gama hushikilia alfa isiachane. Beta ndiyo kituko: hamira ikinyimwa, bado huishi.

Umbo lilionekana vizuri mwaka 2004 kwa ndugu yake wa mbali, kutoka kiumbe wa chembe moja aitwaye Methanocaldococcus jannaschii. Chukua faneli mbili, moja wima, nyingine kichwa chini, uziunganishe shingo kwa shingo. Shingoni pamezungukwa na asidi amino sita zisizopenda maji, na faneli ya upande wa pili imezibwa na kipande cha alfa yenyewe. Kipande cha mwanzo cha uzi kikijipachika kwenye ufa wa ubavuni, kizibo husogea. Uzi hupita shingoni, nayo shingo huubana pande zote. Kwa hiyo kinachozuia uvujaji wakati huo ni mpitaji mwenyewe! Si kwa ukamilifu, lakini: kuna ushahidi kwamba kalsiamu kidogo huponyoka hapo.

Ufa huohuo wa ubavuni ndio unaovamiwa na mikolaktoni, sumu ya bakteria wa kidonda cha Buruli, ugonjwa uliopewa jina la eneo la Uganda. Sec61 ikikwama, seli za kinga hushindwa kutoa protini za kuitana, na kidonda hupanuka pasipo mwili kupambana ipasavyo. Kwamba mara nyingi hakiumi, hilo lina maelezo zaidi ya moja, na wataalamu hawajaafikiana.