Waya mweusi ndani ya swichi: usiuite nyutro kabla ya kuupima

Mtu akibomoa ukuta wa jikoni kule Section 58 au akiongeza chumba Lanet, mitaa ya Nakuru, shida ya taa huwa haijitokezi siku hiyo. Hujitokeza rangi ikishakauka, dari ya jipsamu imepanda, na fundi wa kwanza ameshalipwa na hashiki simu. Ndipo taa ya korido inakubali swichi moja na kukataa nyingine, balbu ya LED inabaki ikimulika kwa mbali ilhali imezimwa, au breka inaruka kila jioni. Katika kazi nyingi za namna hii tunazoitwa kukagua, aliyefungua swichi alisoma rangi za nyaya badala ya kuzipima.

Rangi zenyewe zina historia. Kenya tunatumia volti 240, na mpangilio wa nyaya za nyumbani tuliurithi kutoka Uingereza: nyekundu laivu (waya unaoleta umeme), nyeusi nyutro (unaourudisha), kijani athi (wa usalama, unaoingia ardhini). Mwaka 2004 Waingereza walianza kuhamia rangi za Ulaya, yaani kahawia kwa laivu na buluu kwa nyutro. Madukani kwetu utapata zote. Nyumba iliyoongezwa vyumba mara mbili tatu inaweza kuwa na mipangilio yote miwili ndani ya ukuta mmoja. Penye stima ya fezi tatu mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu katika mpangilio wa zamani buluu ilikuwa fezi, yaani laivu.

Hata rangi zikiwa za aina moja, waya mweusi kwenye swichi ni mtego. Swichi ya taa hukata laivu pekee: waya mmoja unaleta umeme, mwingine unaupeleka kwenye balbu. Nyutro inakwenda kwenye balbu bila kukatwa, na katika nyumba nyingi haimo kabisa ndani ya boksi ya swichi. Mweusi unaouona hapo mara nyingi ndio huo wa kwenda kwenye balbu. Fundi aliutumia kwa kuwa ndio uliokuwa kwenye kebo, na ile tepu nyekundu aliyopaswa kuuzungushia kichwani hakuiweka. Swichi ikiwashwa, mweusi huo una volti 240 kamili.

Sasa mwenye nyumba anataka soketi ya kuchaji simu chini ya swichi. Fundi wa haraka anachukua nyekundu na nyeusi kutoka hapo hapo juu. Taa ikiwashwa, soketi inakufa, kwa sababu matundu yake yote mawili yako upande wa laivu. Taa ikizimwa, soketi inapata umeme kupitia balbu, chaja haieleweki na balbu inapepesa. Hapo watu hubadilisha chaja, kisha balbu, kisha swichi. Lakini soketi hiyo haikupaswa kuwepo. Kwa kawaida haina athi, na waya wa taa wa milimita mraba 1.5 kwenye breka ya ampea 6 si wa kubebeshwa birika la wati 2,000 linalovuta zaidi ya ampea 8.

Taa ya korido yenye swichi mbili ina kosa lake maalumu. Nyuma ya kila swichi kuna vituo vitatu vya kufungia nyaya, COM (cha pamoja), L1 na L2, na waya wa COM ndio usiobadilishana nafasi na wenzake. Ukiubandika kwenye L1, taa itawaka katika mpangilio mmoja tu wa mikao ya swichi hizo mbili. Mtu akigusa ya mlangoni, ya chumbani haina kazi mpaka ya mlangoni irudishwe. Ukiona dalili hiyo, usinunue swichi mpya. Dawa rahisi ni ya mapema: kabla ya kulegeza skrubu yoyote, funga tepu kwenye waya wa COM na upige picha. Usitegemee nafasi ilipokaa, kwani watengenezaji hawaweki COM mahali pamoja.

Breka inayoruka nayo isikilize vizuri. Ikiruka pale tu unapobonyeza swichi fulani, kosa liko mbele ya swichi hiyo: kishikio cha balbu, au waya wa swichi uliounganishwa na nyutro darini. Ikiruka swichi zote zikiwa zimezimwa, shuku skrubu ya jipsamu iliyotoboa waya, au msumari wa kabati jipya. Kuna na ile breka ya usalama, RCD, inayokata umeme unapovuja kwenda kwenye athi; hiyo inaweza kuruka hata breka ya taa ikiwa chini. Wengi hudhani imeharibika. Breka ya kawaida hukata laivu tu, hivyo nyutro inayogusa athi bado inaisumbua RCD. Plasta mbichi iliyojaa ndani ya boksi inatosha kuleta hali hiyo.

LED inayomulika ikiwa imezimwa si lazima iwe hatari. Swichi yenye kijitaa chake huipitishia umeme kidogo. Lakini kama swichi ni ya kawaida, fundi apime kama inakata nyutro badala ya laivu. Ikiwa ndivyo, kishikio kina umeme hata taa ikiwa imezimwa, na anayepanda ngazi kubadilisha balbu hajui.

Kuhusu kuzima kabla ya kufungua, hapa hatubembelezi. Swichi ya ukutani haitoshi. Stima kupotea mtaani hakutoshi, kwa sababu inarudi bila hodi. Tokeni kuisha pia hakutoshi, maana kuna mtu sebuleni mwenye M-Pesa. Shusha breka ya mzunguko huo, ifunge kwa tepu, na kama nyumba ina inverta ya sola, izime nayo. Kisha pima kwa multimita: kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, halafu kwenye swichi, halafu tena kwenye soketi, ili ujue kifaa hakikufa katikati. Testa ya bisibisi haitoshi kukuhakikishia kwamba waya hauna umeme. Na waya uliofunguliwa pande zote mbili, ukilala kando ya wenye umeme, unaweza kuonyesha volti kadhaa ambazo hazina nguvu yoyote; huo huwachanganya hata wanafunzi wetu.

Kupitisha nyaya mpya, kuongeza soketi au kugusa kisanduku cha breka ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, chini ya Sheria ya Kawi ya 2019. Mwombe akuonyeshe leseni hiyo, na uangalie kama imekwisha muda. Mwambie pia apige picha za mabomba ya nyaya kabla ya plasta, akiwa ameweka futi ya kupimia ukutani ili umbali kutoka kwenye mlango na sakafu usomeke, kisha akutumie zote kabla ya kumaliza kulipa.