Bunduki ya ziada ya jeshi ni nini, na ya kwanza huchaguliwaje

Mtu akisikia "bunduki ya ziada ya jeshi" huwaza silaha kuukuu iliyookotwa kwenye uwanja wa vita. Maana yenyewe iko mbali na hapo. Ziada ni neno la ghala. Jeshi huagiza bunduki kwa mamia ya maelfu na kuzitumia. Zinazochoka hurudishwa karakana, kisha hupakwa grisi nzito na kupangwa kwenye masanduku kungoja vita ambayo mara nyingi haikuja. Silaha mpya zikiingia, zile za zamani zinakuwa ziada: zinahesabiwa, zinauzwa kwa jumla, na mwisho wa safari zinamfikia raia mwenye kibali cha kumiliki silaha.

Kwa hiyo kila bunduki ya namna hii imeishi mara tatu. Imeishi kiwandani, imeishi mikononi mwa askari, na imeishi karakana na ghalani. Mnunuzi mgeni hutazama yale maisha ya kwanza tu, yaani jina la kiwanda na mwaka uliogongwa kwenye chuma. Mimi nashikilia kwamba maisha ya tatu ndiyo yanayoamua kama utapata bunduki ya kukutumikia au chuma cha kutundika ukutani.

Neno la pili la kueleweka ni bolti. Ni kipande cha chuma cha mviringo chenye mkono wa kushika, kinachokaa nyuma ya kasiba, yaani mtutu wa bunduki. Ukiinua mkono na kuvuta nyuma, ganda tupu linaruka nje. Ukisukuma mbele, bolti inachukua risasi nyingine kutoka magazini na kuiingiza kwenye chemba, yaani sehemu ya nyuma ya kasiba inamokaa risasi. Ukishusha mkono, meno ya bolti yanaingia kwenye mikato yake na mlango unafungwa. Kazi yote ni ya mkono wa mpigaji. Hakuna gesi wala springi inayoingiza risasi ya pili kwa niaba yake. Majeshi mengi yaliingia vita kuu zote mbili na bunduki za aina hii, na sababu iliyoyavutia wakati ule ndiyo inayomfaa anayeanza leo: vipande ni vichache, na bolti hutoka nje kwa sekunde chache bila chombo chochote, ukaweza kuona ndani ya kasiba kuanzia nyuma hadi mdomoni.

Familia kubwa ni tatu. Mauser ya Ujerumani ya 1898, iliyozaa Karabiner 98k ya mwaka 1935, ndiyo iliyoigwa kuliko zote. Ina ukucha mpana unaokamata ukingo wa ganda tangu risasi inapotoka magazini, hivyo risasi haipotei njia hata bunduki ikiwa imelala ubavu. Chekoslovakia ilitengeneza yake, vz. 24, Yugoslavia ikatengeneza M48, Uswidi, Hispania na Uturuki nazo zikawa na Mauser zao, baadhi za muundo wa kabla ya 1898. Ukiambiwa tu "ni Mauser" hujaambiwa kitu. Uliza ni ya nchi gani, ya mwaka gani, na inapiga risasi gani.

Lee-Enfield ya Uingereza ilibeba risasi kumi pale wenzake wengi walipobeba tano. Meno ya bolti yake yako nyuma badala ya mbele, mwendo wa bolti ni mfupi, na springi ya pini ya kufyatulia risasi hujikaza unapofunga, si unapofungua. Ukiishika unaelewa mara moja kwa nini askari wake walisifiwa kwa kasi. Toleo la No. 4 la Vita Kuu ya Pili lilitengenezwa Uingereza, Kanada na Marekani, na shabaha yake ya nyuma, yaani kilengeo, ni tundu la kuchungulia, rahisi kwa jicho la mtu asiye na mazoea.

Mosin-Nagant ya Urusi ilianza mwaka 1891, na toleo la 91/30 lilitoka viwandani kwa mamilioni. Ni ndefu, kama sentimita 123 bila singe. Mkono wa bolti ni mfupi na umenyooka, na ili kuweka usalama unavuta kitufe cha nyuma kwa nguvu kisha unakizungusha. Haibembelezi mtu. Lakini ni imara, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa mlango wa wengi kuingia kwenye mambo haya kwa sababu bei yake ilikuwa rahisi kuliko ya nyingine. Urahisi huo umepungua sana tangu maghala yaliyokuwa yakiitoa yalipokauka.

Nyingine ni Arisaka ya Japani, Carcano ya Italia, MAS-36 ya Ufaransa, K31 ya Uswisi ambayo bolti yake huvutwa moja kwa moja bila kuinuliwa, na Springfield ya 1903 ya Marekani. Hiyo ya mwisho ina onyo lake. Zilizotoka kiwanda cha Springfield zenye namba chini ya 800,000 ni za wakati ambapo mafundi walikadiria joto la chuma kwa macho. Baadhi ya vyuma viliungua kwenye tanuri vikawa vya kukatika kama kauri. Mwaka 1918 njia ikabadilishwa. Namba ikiwa chini ya hapo, iwe ya kutazamwa tu.

Sasa, kabla ya kupenda sura ya bunduki yoyote, anza na risasi. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila anayeanza alisikie mapema. Bunduki utainunua mara moja, risasi utazinunua miaka yote. Risasi ya .30-06 ya Springfield (tarakimu hizi ni jina la saizi) bado hutengenezwa kwa wingi kwa wawindaji. Ya Uswidi, 6.5x55, huwindia moose, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu wa kaskazini, hadi leo. Ya Mosin, 7.62x54R, bado inalisha bunduki za rashasha za majeshi. Risasi ya .303 ya Uingereza na 7.92x57 ya Ujerumani hupatikana, ila si kila mahali na si wakati wote. Ukifika kwenye 7.35 ya Carcano au 7.7 ya Arisaka, jiandae kutafuta kwa tochi. Na jina la risasi lisikutoshe: Gewehr 88 za mwanzo za Ujerumani zilikuwa na tundu la kasiba jembamba kidogo kuliko zile zilizokuja baada ya mwaka 1905, ingawa zote huitwa "milimita nane" kwa mazoea. Kichwa cha risasi mpya kikilazimishwa kwenye kasiba ya zamani, shinikizo hupanda mahali pasipotakiwa.

Turudi kwenye maisha ya tatu, maana hapa ndipo penye utajiri. Chukua Karabiner 98k zilizotekwa na Wasovieti. Baada ya vita zilivunjwavunjwa, vipande vikawekwa mafungu, vikapakwa rangi nyeusi upya, kisha zikaunganishwa tena kwa kipande chochote kilichokuwa karibu. Bolti ya bunduki moja ikaenda kwa nyingine, na namba ya risiva, yaani kile chuma cha kati kinachobeba bolti, ikaandikwa juu ya bolti hiyo kwa kalamu ya umeme. Mosin nyingi zilipita njia hiyo hiyo. Ndipo unapokutana na maneno "namba zinalingana". Maana yake asili ni kwamba risiva, bolti, kifuniko cha magazini na kitako vina namba moja tangu kiwandani. Lakini kuna kulingana kwa kulazimishwa: namba ya zamani imekatwa mstari au kusagwa, na mpya ikagongwa kando yake. Kwa anayekusanya historia, tofauti ni kubwa na huonekana kwenye bei. Kwa anayetaka kupiga shabaha, kulingana kwa kulazimishwa si dhambi, mradi karakana ilipima kazi yake. Muuzaji mwaminifu atakuambia ni ipi. Usiposikia, iangalie namba kwa kioo cha kukuzia: ya kiwandani ina kina sawa na mwandiko mmoja kwenye kila kipande.

Kwenye Lee-Enfield tafuta herufi DP. Zikigongwa kwenye chuma na kitako, bunduki hiyo ilitengwa kwa gwaride na mafunzo tu, mara nyingi kwa sababu ilishindwa kipimo. Isipigwe kabisa.

Kipimo kikuu ni kile mafundi wanachokiita hedispesi: nafasi iliyopo kati ya uso wa bolti na pale risasi inapoegemea ndani ya chemba. Risasi zenye ukingo uliotokeza, kama .303 na ya Mosin, huegemea kwenye ukingo huo. Zisizo nao, kama ya Mauser, huegemea kwenye bega la ganda. Nafasi ikizidi, ganda linavutika baruti inapolipuka, linaweza kukatika karibu na kitako chake, na gesi ya moto ikarudi nyuma uelekeo wa uso wako. Bolti iliyobadilishwa bila kupimwa ndiyo njia ya mkato kufika huko. Fundi ana geji za chuma kwa kazi hii: kwenye moja bolti lazima ifunge, kwenye nyingine lazima igome. Ni kazi ya dakika chache. Lee-Enfield No. 4 ina uungwana wa pekee hapa, kwani kichwa cha bolti hufunguliwa na kubadilishwa, na vilitengenezwa kwa saizi zenye namba 0 hadi 3 ili karakana irekebishe nafasi bila kubadili bolti nzima.

Ukiwa na bunduki mbele yako, hakikisha kwanza haina risasi, chemba na magazini vyote viwili, kwa macho na kwa kidole. Toa bolti. Elekeza mdomo wa kasiba kwenye mwanga na uchungulie kutoka nyuma. Mifereji inayozunguka ndani iwe na kingo kali zinazometa. Weusi kidogo kwenye pembe si tatizo. Mashimo ya kutu kama ngozi ya chungwa ni tatizo, na kasiba iliyovimba mahali fulani huonekana kama pete nyeusi, hiyo iache. Geuza utazame mdomo. Askari waliosafisha kwa ufito wa chuma kuanzia mbele waliusaga mdomo taratibu, na karakana za Kisovieti zilizoea kuutoboa upana kidogo mpaka pale mifereji inapoanza kuwa mizima. Kasiba ya namna hiyo inaweza kupiga vizuri tu. Kisha shika mti wa bunduki, upapase nyuma ya risiva ambako mshtuko wa kila risasi hufikia. Ufa mwembamba pale utakua.

Kuna bunduki zilizokatwa: mti umefupishwa, shabaha za asili zimeondolewa, risiva imetobolewa kufunga darubini ili ziwe za kuwindia. Hizo zimepoteza thamani ya historia, na kwa sababu hiyo huuzwa kwa unafuu. Kama nia yako ni kujifunza kupiga, iliyokatwa vizuri yenye kasiba safi ni ununuzi wa busara kuliko nzima iliyooza ndani. Ila nzima iliyosalia, tafadhali usiikate. Hazitengenezwi tena.

Nikiulizwa niteue moja kwa anayeanza, na risasi ikiwa inapatikana, nitasema Lee-Enfield No. 4 kwa ajili ya lile tundu la shabaha na ule ulaini wa bolti. Risasi ikiwa shida, nitamtuma kwenye Mauser ya Uswidi. Nyingi zimebandikwa kisahani cha shaba kwenye kitako, ambapo karakana ya jeshi iligonga alama ya hali ya kasiba. Ni kama cheti cha daktari, ingawa bado utachungulia mwenyewe.

Mosin yangu ya kwanza ilinifundisha jambo la grisi. Risasi tano za mwanzo zilipita salama, ya sita bolti ikagoma kuinuka. Nikaipiga kwa kiganja mpaka ikauma. Nilidhani nimeuziwa mbovu. Kumbe grisi ya ghalani ilikuwa imeganda kwenye kuta za chemba kama varnishi, na joto la risasi likaigeuza gundi inayoshika ganda. Nilizungushia kitambaa chenye mafuta ya taa kwenye brashi, nikasugua chemba kwa nusu saa, na uchafu wa rangi ya kahawia ukaendelea kutoka muda mrefu baada ya mimi kudhani pameisha. Tangu siku hiyo bolti inainuka kwa vidole viwili.

Risasi kuukuu za jeshi zina sharti lake. Nyingi zina fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, yenye klorati ya potasiamu. Ikiungua inaacha chumvi ndani ya kasiba, na chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa na kuanzisha kutu usiku uleule. Mafuta ya kawaida ya kusafishia hayaiyeyushi, maji huiyeyusha. Siku hiyohiyo toa bolti, mimina maji ya moto kutoka upande wa chemba, pitisha vitambaa vikavu mpaka kitoke kikavu, kisha paka mafuta. Uso wa bolti nao uoshe, watu huusahau. Kesho yake pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na wekundu wa kutu, rudia maji.