Alama fiche za vidole: kompyuta haitoi jina la mhalifu

Dhana: Ukiipa kompyuta alama, inakutajia mtu.

Hiyo ni ya kwenye sinema. Mfumo hutoa orodha ya watu ambao alama zao zinakaribiana na alama fiche, yaani ile ambayo kidole kiliiacha kwenye kitu bila kuonekana vizuri, kisha mtaalamu huzilinganisha kwa macho yake. Na hifadhidata ikiwa kubwa, humkosi humo mtu asiyehusika ambaye kidole chake kinafanana mno na unachokitafuta. Mwaka 2004, baada ya milipuko ya treni za Madrid, FBI walipewa picha ya alama iliyokutwa kwenye mfuko wa plastiki wenye viwashio vya mabomu. Mfumo wao ukaleta majina 20. Brandon Mayfield, wakili wa jimbo la Oregon, Marekani, alikuwa wa nne. Wataalamu wa FBI wakakubaliana kuwa ni yeye. Akawekwa ndani takriban wiki mbili, hadi polisi wa Hispania walipompata mwenye alama. Enzi hizo ujifunzaji wa kina, yaani akili bandia inayojifunza yenyewe kutokana na mifano mingi, haukuwa umeingia kwenye kazi hii, lakini orodha za leo zinasomwa vilevile.

Dhana: Picha iliyosafishwa na akili bandia ni ushahidi bora kuliko ya awali.

Hapa ndipo ninapopata wasiwasi zaidi. Mtandao wa neva, yaani programu ya akili bandia inayosafisha picha, umefunzwa kwa maelfu ya alama safi, kwa hiyo unajua mistari ya kidole huwa inapitaje. Ukikuta doa lililofutika, unachora mistari ambayo *ingeweza* kuwepo. Tatizo ni kwamba utambuzi unategemea vitu vidogo sana: mstari unakatikia wapi, unagawanyika wapi kuwa miwili. Mgawanyiko mmoja wa kubuni, na picha inapendeza huku ikidanganya. Picha ya awali isiondoke mezani.

Dhana: Kama simu inanitambua papo hapo, hii nayo ni rahisi.

Simu inalinganisha kidole kilichobanwa vizuri na alama chache ulizozisajili mwenyewe. Alama fiche ni kipande, mara nyingi kimeburuzwa au kimelaliana na kingine. Kwenye utafiti wa mwaka 2018 wa wanasayansi wa kompyuta Cao na Jain, alama fiche 258 zilitafutwa kati ya alama 100,000. Mwenyewe alitokea wa kwanza kwa asilimia 64.7 tu.

Dhana: Poda na kemikali sasa hazina kazi.

Zinayo. Alama ya jasho kwenye karatasi bado inahitaji kemikali kama ninhidrini, inayoipa rangi, na ya kwenye plastiki mvuke wa gundi, ndipo kamera ipate cha kupiga.