Umeme tuli si shoti

"Nimevaa kandambili za mpira, umeme hauniwezi." Kauli hii naisikia kwa mafundi wa kompyuta wa Darajani, naisikia na Chake Chake, na anayeitoa kidole chake kimeshagusa ramu, ile kadi ya kumbukumbu ya kompyuta.

Umeme tuli ni chaji inayojikusanya mwilini kwa msuguano, nguo na kiti, soli na zulia, kisha ikaruka kwa mkupuo kwenye chuma unachogusa. Basi. Shoti ni jambo jengine: waya mbili zimekutana, mkondo umepita njia ya mkato.

Balaa ni kwamba kinga ya umeme tuli na kinga ya umeme wa ukutani zinapingana. Umeme wa ukutani, volti 230, unataka kupita mwilini mwako uende ardhini, na mpira wa kandambili unauzuia. Umeme tuli umeshakaa mwilini. Mpira ule ule unaufungia humo, usipate pa kutokea mpaka ukutane na chipu, kile kijidude cha elektroniki ndani ya kompyuta. Na anayelindwa hapa ni chipu, si fundi. Mtu hahisi kitu mpaka zifike kama volti 3,000, ilhali zipo chipu zinazokufa chini ya 100.

Wengine husema hayo ni mambo ya Ulaya, Unguja hewa ina unyevu. Kuna ukweli. Kutembea juu ya zulia kwenye hewa kavu sana kunaweza kuzalisha hata volti 35,000. Unyevu ukiwa asilimia 65 na kuendelea, kama 1,500. Lakini hizo 1,500 wewe huwezi kuzihisi, chipu inazihisi. Tena chumba chenye kiyoyozi kinachonguruma tangu asubuhi hakina hewa ya unyevu ya ufukweni Forodhani.

Wapo pia wanaoiogopa bangili ya ethi, ile ya mkononi yenye waya wa kuitoa chaji mwilini, eti itawaunganisha na umeme. Bangili ya kweli ina rezista, kizuizi cha mkondo, ya omu milioni 1. Hata ukigusa waya wa volti 230, mkondo unaopita humo haufiki robo ya miliampia. Cha kuogopwa ni waya mtupu wa kujifungia mwenyewe. Wala bangili haidai lile tundu la ethi la ukutani, ambalo kwetu kazi yake kubwa ni kuchokolewa kwa kalamu ili plagi ya miguu miwili iingie. Ncha ya waya wake ibane kwenye bati tupu la kasha la kompyuta, wewe na mashine muwe na chaji sawa.

Asiye na bangili achomoe waya wa umeme, alishike bati hilo kabla ya kugusa ramu, na kila akiinuka kitini na kurudi alishike tena.