Je, wajua kwa nini Wahispania waliishia kuwanunulia Wachichimeca nyama na nguo ili tu wapate amani?

Hii stori huwa haiishi utamu kwangu. Hernán Cortés, kamanda wa Kihispania, alitia nanga Mexico mwaka 1519, na ilipofika Agosti 1521 Tenochtitlan, makao makuu ya Waazteki, jiji lenye masoko na mahekalu ya kumshangaza Mzungu, lilikuwa chini. Miaka miwili na ushee tu. Haya, sasa panda kaskazini kidogo kwenye nyika kavu ya mawe na miiba, ukutane na watu ambao hawana jiji, hawana mfalme wa wote, wengi wao hata nguo hawazijali, halafu hao hao Wahispania wenye farasi na bunduki wanapigana nao kuanzia 1550 mpaka karibu 1590. Miaka 40! Na hawakuwaweza. Ilikuwaje?

Kwanza tuelewane, Wachichimeca sio kabila moja. Hilo ni jina ambalo watu wa mijini kusini, wenye kuongea Kinahuatl, walikuwa wanawarushia wote wanaozurura huko kaskazini, kama ambavyo mtu wa mjini anaweza kusema "watu wa porini" akawa ameshamaliza. Ndani yake kuna Wazacateco, Waguamare, Wapame, na Waguachichil ambao ndio walikuwa wanaogopwa kuliko wote, wanapaka vichwa rangi nyekundu unawaona kwa mbali. Kinachochekesha ni kwamba watawala wa Mexico ya kati, mfano wale wa Texcoco, walikuwa wanajisifia kabisa kwamba babu yao Xolotl alikuwa Mchichimeca. Kumbe mshamba ni jirani, babu ni shujaa.

Sasa njoo kwenye msosi, maana siri kubwa iko hapa. Hawa watu walikuwa wanakula vitu ambavyo ukivisikia utashangaa unavijua. Matunda ya mpungate, lile dungusi lenye majani bapa kama vibao na tunda jekundu lenye vimiiba vinavyokaa kidoleni siku tatu. Maganda ya mesquite, ambao ni ndugu wa damu wa mathenge, huu huu unaowasumbua watu wa Baringo na Turkana, wao wanayakausha, wanayatwanga unga, wanatengeneza mikate inayokaa muda mrefu bila kuharibika. Na maguey, jamaa wa mkonge tunaoujua kutoka Tanga (mkonge wenyewe asili yake Mexico, uliletwa 1893), kitovu chake wanakifukia kwenye shimo lenye mawe ya moto mpaka kinakuwa kitamu, na pasipo na maji wanakunywa utomvu wake. Ongeza sungura, paa na mizizi. Yaani hawana shamba la kuchoma wala ghala la kuteka, leo wapo hapa kwa sababu mpungate umeiva, ukija na jeshi lako mwezi ujao unakuta majivu tu.

Cortés aliwaweza Waazteki kwa sababu palikuwa na mtu wa kumkamata na jiji la kuzingira, na pia palikuwa na majirani kama Watlaxcala waliowachukia Waazteki wakajiunga naye kwa maelfu. Kule kaskazini utamkamata nani?

Halafu kuna ule upinde. Mshale wao ni mwembamba, unaonekana kama kijiti cha kuchezea, lakini kichwani una kipande cha obsidiani, lile jiwe la volkano jeusi linalong'aa kama chupa iliyovunjika, makali yake ni balaa. Wahispania walikuwa wanavaa zile fulana za vipete vya chuma, na ncha nyembamba ile inapita katikati ya vipete kama sindano kwenye kitambaa. Wanavizia kwenye njia nyembamba kati ya vilima, wanatokea wakipiga kelele, farasi wanataharuki, kabla hujajaza baruti mtu ameshatuma mishale kadhaa. Na wala hawakubaki nyuma, waliiba farasi nao wakajifunza kupanda.

Kilicholeta vita yote hii ni madini ya fedha. Mwaka 1546 Juan de Tolosa aligundua fedha Zacatecas, katikati kabisa ya ardhi yao, watu wakamiminika, barabara ikachongwa kutoka Mexico City, na mikokoteni ya mizigo ikaanza kukatiza maeneo ya kuwindia ya watu bila hodi. Mwaka 1554, kwenye njia ya vilimani ya Ojuelos, msafara wa mikokoteni 60 wenye walinzi ulivamiwa, mali ya peso zaidi ya 30,000 ikaondoka hivi hivi.

Gavana Martín Enríquez, aliyetawala kwa niaba ya mfalme kuanzia 1568, akasema basi, vita ya moto na damu. Akajenga ngome njiani, askari wakaongezwa. Mambo yakazidi kuharibika, na sababu ni ya aibu kweli: askari mshahara wao ulikuwa kiduchu, kwa hiyo walikuwa wanakamata watu na kuwauza utumwani, wakiwemo waliokuwa wametulia zao. Sasa mtu anayekula kupitia vita ataimaliza lini? Kila aliyeuzwa aliacha ndugu wenye hasira.

Aliyeshtuka ni gavana mwingine, Marquis wa Villamanrique, aliyefika 1585. Akapiga marufuku kuwauza mateka, akapunguza askari, na hela ya vita akaanza kununulia mahindi, nyama, nguo na zana za kulimia, wanapewa bure wakikubali kukaa sehemu moja. Kapteni aliyezunguka kuongea nao alikuwa Miguel Caldera, chotara, baba Mhispania mama Mguachichil. Luis de Velasco aliyemfuata akaendeleza, na mwaka 1591 akapeleka familia 400 za Watlaxcala wakaishi jirani nao, waonyeshe kilimo, nao wakadai kwanza wasilipe kodi na waruhusiwe kupanda farasi. Walipewa.

Mimi siiti huo ushindi wa Wachichimeca moja kwa moja, maana kile ambacho mishale ilizuia miaka 40, blanketi na ng'ombe vilikifanya taratibu. Watu walikaa kwenye misheni, wakabatizwa, wakaoleana na wengine, na Kiguachichil leo hakina msemaji. Ila sio wote waliopotea. Wapame bado wapo San Luis Potosí, na kule Guanajuato, pembeni ya mji unaoitwa San Luis de la Paz, yaani "wa Amani" kwa ajili ya amani hiyo hiyo, kuna makazi yanaitwa Misión de Chichimecas ambako Wachichimeca Jonaz bado wanaongea lugha yao, wanaiita uza'.