Hesabu vitanda, usihesabu nchi: mwezi wa treni Ulaya kwa wastaafu wawili

Mzee mmoja na mkewe waliniletea karatasi yenye miji kumi na mitatu. Wamestaafu, kijana wao wa kwanza yuko Köln, Ujerumani, na kiinua mgongo kwa bahati hakijaishia kwenye matofali. Miji kumi na mitatu, siku thelathini. Nikachukua kalamu, nikaanza kukata.

Kazi yangu ni kupanga safari za watu wa umri wao, na kosa hili nimewahi kulifanya mwenyewe. Wateja wangu wa mwanzo niliwahamisha hoteli kila baada ya siku mbili. Kuhama si saa tatu za ndani ya treni tu. Ni kufunga mabegi, kukabidhi chumba asubuhi, kukaa mapokezi hadi saa tisa alasiri mkisubiri chumba kipya, kisha kuanza upya kutafuta duka la dawa lilipo. Siku ya kumi mama mmoja kati yao alinipigia simu: "Mwanangu, tunaona vitanda tu." Tangu hapo sipangi zaidi ya vitanda sita kwa mwezi.

Hawa wawili tukawagawia hivi: Amsterdam siku tatu za kuondoa uchovu wa ndege, Köln siku tano kwa mtoto, Chur huko Uswisi siku saba, Tirano ya Italia usiku mmoja, Verona, Italia hiyohiyo, siku sita, Vienna siku nane. Ndege inawashusha Amsterdam na kuwachukulia Vienna, kwa hiyo hawarudi nyuma walikotoka.

Hesabu hiyo ya vitanda ndiyo inayoamua pia visa. Wengi hudhani maombi ya Schengen, visa moja ya kuingia nchi zote hizi, yanapelekwa nchi utakayotua kwanza. Sivyo. Yanapelekwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi, na hiyo ya kwanza kuingia inatumika pale tu muda unapolingana. Wateja wangu wanatua Uholanzi, lakini usiku nane wa Vienna unawapeleka kwa Austria au ubalozi unaoiwakilisha. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, ada ni euro 90 kwa kila mtu mzima, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Hoteli wekeni zile zinazokubali kufutwa bila kukatwa pesa.

Sasa pasi ya reli, yaani tiketi moja ya kupandia treni nyingi. Sisi tunaoishi nje ya Ulaya tunanunua Eurail; kijana wa Köln akitaka kuwasindikiza atanunua Interrail. Zote zinafika nchi 33, na mwenye miaka 60 na kuendelea anapunguziwa asilimia 10. Msinunue ya mwezi mzima mfululizo, mtalipia siku za kukaa barazani. Chukueni ya siku saba za kusafiri ndani ya mwezi. Safari ndefu ni nne: Köln–Chur, Chur–Tirano, Tirano–Verona, Verona–Vienna. Tatu zinazobaki ni za matembezi ya kwenda na kurudi, mkoba mdogo begani. Amsterdam–Köln ni fupi, kateni tiketi ya kawaida mapema.

Pasi haiwapi kiti kila mahali. Treni za kasi za Italia na Ufaransa zinataka mlipie nafasi juu ya pasi. Ujerumani, Uswisi na Austria kwa kawaida mnapanda tu. Hilo ni afueni mkichelewa na kuikosa treni mliyopanga, maana mwaka 2024 treni za masafa marefu za Ujerumani zilizofika kwa wakati zilikuwa takriban sita katika kila kumi. Kutoka Köln nawaachia saa nzima ya kubadilisha treni pale Basel. Dakika saba zinazopendekezwa na programu ya simu ni za vijana. Mzee wangu mmoja alikuta lifti mbovu, na begi la kilo 23 likamshinda kwenye ngazi. Siku hizi begi wasiloweza kulinyanyua wenyewe hadi mlangoni mwa behewa nawaambia waliache nyumbani, kwa sababu majukwaa mengi yako chini kuliko sakafu ya treni. Anayehitaji kusaidiwa atoe taarifa siku mbili kabla; huduma hiyo ni haki ya abiria na haina malipo.

Chur hadi Tirano ndiyo siku ninayowaonea wivu. Reli ya Bernina inapanda hadi mita 2,253, juu kuliko Njombe mjini, halafu inashuka hadi mita 429 kwa muda usiofika saa mbili. Treni ya watalii yenye madirisha makubwa inadai malipo ya nafasi. Treni nyekundu ya kawaida inapita reli ileile bila malipo hayo. Mwenye presha amuulize daktari wake kwanza. Kupanda na kushuka huko ndiyo sababu nimewawekea usiku mmoja Tirano badala ya kuwakimbiza hadi Verona.

Dawa zote zikae mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari chenye jina la dawa yenyewe na si la kampuni.

Na saa! Kijana wa Köln keshazoea saa za huko. Akiwaambia treni ni saa nane, mwulizeni nane ipi.